Shajara ya gari yangu: betri inakufa usiku, redio inafifia nikikanyaga breki

Jumapili, siku ya kwanza ya balaa

Nianze na vitu nilivyofunga maana bila hivyo huwezi kuelewa nilivyojiroga mwenyewe. Ndani ya wikendi mbili nimefunga redio mpya ya skrini ya kugusa, ampifaya na spika ya bezi kwenye buti, kamera ya dashibodi, taa za LED kwenye indiketa zote nne, na spotlaiti mbili mbele zenye rilei yake (swichi inayowashwa kwa umeme). Vyote kwa mkono wangu. Na sikufunga kimoja nikakijaribu siku mbili tatu ndio niende kingine, hapana, nilifululiza tu kwa sababu dashibodi ilikuwa tayari imefunguliwa na nilikuwa nimenoga.

Ijumaa jioni nimepaki gari nzima, muziki unapiga mpaka vioo vinatetemeka. Leo asubuhi nabonyeza rimoti, kimya. Nafungua kwa ufunguo, naingia, nachapa swichi, naambulia tk-tk-tk-tk halafu taa za dashibodi zinacheza kama za disko. Mita ikasoma volti 11.1 kwenye betri. Betri iliyojaa na kupumzika inatakiwa isome 12.6 hivi, 12.2 ni nusu, 12.0 ni kama robo, sasa hiyo 11.1 ni maiti inasubiri mazishi.

Nikabusti kwa jampa, ikawaka. Nikapima tena injini ikiwa inanguruma: 14.2. Kwa hiyo altaneta inachaji vizuri, haina kesi. Nikaweka mita upande wa AC nione kama daiodi za altaneta (zinazonyoosha umeme wake) zinavujisha, ikasoma chini ya 0.1, safi. Basi chaji inaingia mchana, ila kuna mtu anaiba usiku.

Niandike na mengine kabla sijasahau maana yameanza kujipanga foleni:
Indiketa zinapiga haraka haraka kama zina homa. Kwenye spika kuna mluzi, nikikanyaga mafuta nao unapanda, nikiachia unashuka. Na hii ya mwisho ndio siielewi kabisa, nikikanyaga breki mchana, skrini ya redio inafifia. Nikiachia breki inarudi. Yaani breki na redio wapi na wapi jamani.

Jumatatu

Betri nimeitoa nimeichaji usiku kucha kwenye chaja, asubuhi imepumzika masaa kadhaa inasoma 12.6. Kwa hiyo betri yenyewe bado ina uhai.

Leo nimepima wizi. Kwa ambaye hajawahi, unazima gari, unatoa waya wa negativu kwenye betri, mita unaiweka kwenye ampea 10 (ile waya nyekundu ya mita inahama tundu, watu wengi wanasahau), halafu unaipachika katikati, ncha moja kwenye nguzo ya negativu na nyingine kwenye ule waya uliotoa. Umeme wote unaotoka unalazimika kupita ndani ya mita. Boneti iko wazi, mlango uko wazi ili nifikie boksi la fyuzi, kwa hiyo loki ya mlango nimeibonyeza kwa bisibisi mpaka ikajifunga, gari idhani mlango umefungwa. Ufunguo nimeuweka mbali.

Ikasoma ampea 3.6. Nikapiga kelele peke yangu. Kisha nikakumbuka kwamba ukikata betri na kuirudisha zile kompyuta za gari zinaamka zote, inabidi uziache zilale. Nikakaa. Dakika 10, dakika 20, namba inashuka kwa vituo, mara 2.2, mara 1.7. Ilipofika dakika ya 25 ikatulia 1.31 na haikusogea tena.

Gari ikilala vizuri inatakiwa itumie chini ya ampea 0.05 hivi. Mimi nina 1.31. Piga hesabu, tangu Ijumaa jioni hadi Jumapili asubuhi ni masaa 36, mara 1.31 ni kama 47, na betri yangu ni ya Ah 45 (ampea mara masaa). Kwa hiyo ilikufa kihalali kabisa.

Nilikuwa naenda kuanza kuchomoa fyuzi moja moja, mdogo wangu akatokea, akaona mlango uko wazi ufunguo uko juu ya meza, akajisemea ngoja nimsaidie kaka kuwasha. Mita ikafanya tii, skrini sifuri. Stata inavuta ampea mia na zaidi, fyuzi ya mita ni 10. "Kaka nimefanya nini?" Hujafanya kitu, mdogo wangu, kanunulie kaka yako fyuzi ya mita. Kazi ya leo imeishia hapo.

Jumanne

Fyuzi ya mita imepatikana. Nikarudia zoezi lote, nikasubiri tena dakika 25 (ufunguo safari hii uko mfukoni mwangu), ikarudi 1.31 ile ile. Nikachomoa fyuzi ya ampifaya. 0.61.

Aha! Nikasema mwizi nimempata, ampifaya ya bei poa hii, hailali. Nikaitukana kidogo, nikaiacha bila fyuzi, nikafunga boneti nikaenda kulala na amani ya moyo. Kumbuka hiyo 0.61 iliyobaki niliiona kwa macho yangu mawili na nikaipuuza. Ndivyo mtu anavyokuwa akishapata wa kumlaumu.

Kitu kingine nilikiona leo na bado mgongo unanisisimka. Ile fyuzi ya ampifaya nilikuwa nimeiweka huku nyuma kwenye buti, karibu na ampifaya, kwa sababu waya ulikuwa mfupi kidogo na fyuzi ilikaa vizuri pale. Fyuzi hii hailindi ampifaya, inalinda waya. Inatakiwa ikae karibu na betri, ndani ya sentimita 45 hivi, ili waya ukiguswa na bodi popote njiani fyuzi ikatike. Yangu iko nyuma, maana yake mita nne na ushee za waya mnene zinatoka betri zikiwa uchi, hakuna kitu cha kuzikata.

Nikaamua niihamishe leo leo. Kufuata waya nikafika pale unapopita kwenye ukuta wa chuma kati ya injini na kabini. Nilitoboa tundu pale, nikasema mpira wa kupitishia waya nitaweka baadaye. Nikamulika na tochi ya simu. Ukingo wa tundu ni mkali kama wembe, na ganda jekundu la waya lilikuwa limeshaliwa upande mmoja, sehemu ya urefu wa punje ya mchele hivi, ndani shaba inang'aa. Siku tisa tu za kutetemeka kwa injini. Bado kitambo kidogo shaba iguse chuma, waya usiokuwa na fyuzi, betri inamwaga ampea mamia, hapo hata muda wa kufungua boneti hupati.

Nikakata kile kipande, nikaunga upya kwa kiungio cha kubana, nikafunika kwa mpira wa kusinyaa kwa moto, tundu nikalipiga tupa likawa laini nikaweka mpira wake, na kishikio cha fyuzi (fyuzi yenyewe bado iko nje) kikahamia sentimita 20 kutoka betri. Hii haikuwa kwenye orodha ya matatizo kabisa. Na ndio ilikuwa kubwa kuliko yote.

Jumatano mpaka Ijumaa

Indiketa. Hii naipitia haraka maana sababu yake inajulikana. Balbu ya kawaida ya indiketa ni wati 21, inakula kama ampea 1.75. LED yangu inakula kama 0.2. Flasha, kile kifaa kinachopigisha indiketa, ikiona umeme kidogo vile inajua balbu imeungua, inapiga haraka kukushtua. Kuna wanaofunga rezista ya omu 6 sambamba na taa ili kuidanganya. Nilijaribu upande mmoja: kwenye volti 13.5 inavuta ampea 2 na zaidi, ni kama wati 30 za joto kwenye kitu kidogo kama kidole, na mimi kwa akili zangu niliifunga na klipu kwenye plastiki ya ndani ya buti. Baada ya kuwasha hazadi (indiketa zote nne kwa pamoja) dakika chache nikasikia harufu. Plastiki ilikuwa imeshalegea ikafanya shimo lenye umbo la rezista kabisa, sanaa. Rezista ukitaka kuweka funga kwenye chuma.

Nikaitoa nikaweka flasha ya kielektroniki ya LED, gari yangu bahati nzuri ina flasha ya kuchomoa. Magari mapya mengi hayana, kazi hiyo inafanywa na kompyuta, huko hesabu ni nyingine. Zinapiga taratibu sasa.

Spotlaiti nazo niseme sentensi moja: gari ikiwa imewashwa, zilikuwa zinawaka swichi yake ikiwa imezimwa na kuzima ikiwa imewashwa, kwa sababu rilei ya miguu mitano ina 87 na 87a, ile ya katikati ni 87a na inapitisha umeme rilei ikiwa imelala, na mimi nikachomeka humo. Nimezitoa kwanza, nitazirudisha nikimaliza mengine.

Jumatatu tena

Imekufa tena!! Ijumaa usiku mpaka Jumatatu asubuhi, ampifaya haina fyuzi na bado imekufa. Samahani ampifaya.

Sasa ile 0.61 ikabidi niiheshimu. Lakini njia ya kuchomoa fyuzi moja moja imenichosha, maana kuna fyuzi ukichomoa na kurudisha unaamsha kompyuta na unasubiri tena nusu saa. Kuna njia nyingine naipenda zaidi. Unaacha fyuzi zote mahali pake, mita unaiweka kwenye milivolti, unagusa vile vichwa viwili vidogo vya chuma vinavyoonekana mgongoni kwa fyuzi. Fyuzi ina ukinzani mdogo sana, ile ndogo ya ampea 10 ni kama miliomu 7 na nusu, kwa hiyo kama kuna umeme unapita utaona milivolti kidogo. Kama haupiti utaona sifuri. Huchomoi kitu, huamshi mtu. Utamaliza boksi zima ndani ya dakika tano.

Sifuri, sifuri, sifuri, sifuri... fyuzi ya redio: milivolti 3.2. Gawanya kwa 7.5 unapata kama ampea 0.42. Redio! Skrini imezima, kitufe nimekibonyeza mwenyewe, lakini inakula 0.42 usiku kucha.

Nikaivuta redio nje ya dashibodi, waya zake zikiwa bado zimechomekwa, nikapima waya wa bluu, ule unaokwenda kuiamsha ampifaya. Ufunguo uko mfukoni, gari imelala, waya wa bluu una volti 12.1. Kwa hiyo ampifaya ilikuwa inaambiwa amka masaa 24, inafanya ilivyoamrishwa, na mimi naitukana.

Na kwa nini redio hailali? Hapa inabidi niungame. Siku ya kwanza kuifunga, kila nikizima gari redio ilikuwa inasahau saa na stesheni zote. Redio inataka umeme wa aina mbili, waya wa njano ni wa moja kwa moja kutoka betri, huo ndio unatunza kumbukumbu, na mwekundu ni wa swichi, huo ndio unaiambia sasa gari imewashwa. Kwenye soketi za ISO (zile za kawaida za nyuma ya redio) njano inakaa tundu la 4 na nyekundu la 7, lakini kuna magari yamegeuza, la 4 ndio la swichi na la 7 ndio la moja kwa moja. Yangu ni mojawapo. Mimi sikutaka kufikiri, nikazimenya zote mbili, nikazisokota pamoja kwenye waya wenye umeme muda wote, nikazungushia tepu. Saa ikakumbukwa, stesheni zikakumbukwa, nikajipongeza. Kumbe nimeiambia redio kwamba gari haizimwi milele.

Kinachouma ni kwamba kwenye ile adapta ya kuunganishia redio, hizo waya mbili zina vichwa vya kuchomoa katikati, vile vyenye umbo la risasi ya bunduki. Vimewekwa kwa kazi hiyo hiyo tu, unachomoa unapishanisha, njano inakwenda kwa nyekundu na nyekundu kwa njano. Sekunde kumi. Nilivipita nikavikata.

Tepu yenyewe nilipoivua ilikuwa imeshaanza kuteleza na gundi nyeusi inanata vidoleni, na kwenye ule msokoto nyuzi tatu za shaba zimechomoza pembeni. Nikazifunga waya upya kwa viungio vya kubana, mara hii nimezipishanisha. Nikazima, nikasubiri. Waya wa bluu sifuri. Nikarudisha fyuzi ya ampifaya, nikasubiri tena, mita ikasoma 0.19.

Bado siyo 0.05. Boksi la fyuzi tena, nikaipata 0.17 kwa kamera. Hii siyo kosa, ni kazi yake, nimeiwashia hali ya kulinda gari ikiwa imepaki, ila ile swichi ndogo ya kuchagua ikate kwenye volti ngapi ilikuwa 11.8. Kwenye 11.8 kinachobaki kwenye betri ni masimulizi tu. Nimeipandisha 12.4. Kwa usiku mmoja 0.17 ni kama Ah 2, haina shida, ila ukiiacha siku tano ni Ah 20, karibu nusu ya betri, na ndio maana ile swichi ipo.

0.70 ampifaya, 0.42 redio, 0.17 kamera, 0.02 gari yenyewe. 1.31. Hesabu imefunga, nimelala kama mtoto.

Jumatano, redio na breki

Wizi umekwisha ila redio bado inafifia nikikanyaga breki. Na hapa nilipoteza jioni mbili nzima nikiwa ndani ya redio, nikiamini ni redio mbovu. Nimeangalia mipangilio, nimeirudisha kama ilivyotoka kiwandani, hakuna.

Jana nikampigia fundi mmoja mzee ninayemfahamu, nikamweleza. Akakaa kimya kidogo akauliza, "Mwanangu, taa za nyuma umezigusa?" Nikasema hapana mzee, nimeweka LED za indiketa tu, breki na taa ndogo ni balbu zake zile zile. "Sijakuuliza balbu. Erthi yake umeigusa?" Nikasema hapana. Akacheka, akasema haya nenda kaangalie halafu nipigie.

Leo nikamweka mdogo wangu kwenye kiti, mimi nyuma.

"Kanyaga!"
"Nimekanyaga kaka."
"Kanyaga mpaka chini!"
"Nimefika chini!"

Taa za breki zinawaka wekundu wa uvivu, kama tochi yenye betri iliyochoka. Na taa ndogo, ambazo zimezimwa, nazo zinawaka kidogo. Taa ya namba nayo. Nikamwambia awashe na indiketa huku kakanyaga: LED ya nyuma haiwaki vizuri, inakonyeza tu kwa mbali. Aachie breki, indiketa inarudi kupiga nzima. "Kaka na huku dashibodi kuna taa zimejiwasha kidogo."

Hapo ndio nikaelewa alichokuwa anacheka mzee. Taa ya breki na taa ndogo ni balbu moja yenye nyuzi mbili, 21 na 5, na zinashea waya mmoja wa kurudia, erthi. Umeme wa breki ukishapita kwenye uzi wake unatafuta njia ya kurudi betri. Erthi ikiwa imeziba haukai, unapanda kinyumenyume kwenye uzi wa wati 5, unaingia kwenye waya wa taa ndogo, unazunguka gari zima kutafuta erthi kupitia taa ya namba, taa ndogo za mbele, taa za dashibodi. Na waya wa rangi ya chungwa wa redio umeunganishwa kwenye waya huo huo wa taa ndogo, ndio unaoiambia redio usiku umeingia, punguza mwanga. Redio haikuwa na kosa lolote, ilikuwa inatii.

Nikapima kuhakikisha. Mita kwenye waya wa chungwa, taa zote zimezimwa: sifuri. Kanyaga breki: 5.2.

Sasa erthi yenyewe. Nikafungua zulia la buti upande wa kushoto na nikakumbuka kila kitu kabla hata sijaona. Kona ile ina bolti ya kiwandani ya erthi, ilikuwa imeshika tamino (kichwa cha chuma cha waya) ya taa za nyuma. Nilitaka kufunga tamino nene ya ampifaya pale pale, mbili hazikukaa vizuri, nikaihamisha ile ndogo ya taa kwenye bolti ya jirani, sentimita tano tu, bolti inayoshika plastiki. Chuma ni chuma, nikasema. Lakini bolti ile imefungwa juu ya rangi, na rangi haipitishi umeme. Siku za mwanzo ilikuwa inashika kwa zile nyuzi za bolti, baadaye ikalegea. Na nilimjibu mzee hapana kwa ujasiri kabisa, sikudanganya, nilikuwa sikumbuki tu. Kwangu mimi nilikuwa nafunga ampifaya, sikujihesabu kwamba nimegusa taa.

Nikairudisha kwenye bolti yake, nikapiga msasa mpaka chuma cheupe. Mdogo wangu kakanyaga, wekundu ukanipiga machoni. Waya wa chungwa sifuri.

Na erthi ya ampifaya je, ile niliyoipa kiti cha mwenzake? Kuvua ile tamino nikaona alama yake kwenye rangi, duara zima safi limekaa juu ya rangi, chuma kimeonekana kwenye ukingo mwembamba tu karibu na tundu. Nikaifunga kwanza kama ilivyokuwa nipime: mita kwenye volti, ncha moja kwenye erthi ya ampifaya, nyingine negativu ya betri, muziki unapiga kwa sauti. 0.45. Inatakiwa iwe 0.1 au chini. Yaani "sifuri" ya ampifaya na "sifuri" ya redio hazilingani, tofauti yake inapita kwenye waya za sauti, pamoja na ule mtetemo wa altaneta, na huo ndio mluzi unaopanda na injini. Mimi nilikuwa nimepanga kununua kichujio cha kelele.

Msasa, tamino mbili kila moja bolti yake (nimetoboa ya ampifaya pembeni, nikachungulia kwanza chini hakuna bomba la mafuta wala waya), grisi kidogo juu kuzuia kutu. Ikasoma 0.06. Mluzi umekufa, imebaki kama sauti ya upepo ambayo unaisikia ukiweka sikio kwenye spika, na hiyo ni kwa sababu geini ya ampifaya (kiwango cha kukuza sauti) niliifungua mpaka mwisho. Nimeirudisha nusu, nayo ikaisha.

Nikampigia mzee. "Ulisema hujaigusa," akasema. Nikamwambia shikamoo mzee. Akakata simu anacheka.

Jumapili

Nimeiacha tangu Alhamisi usiku bila kuigusa kwa makusudi. Usiku mitatu. Asubuhi hii nimefungua boneti kabla sijafungua mlango nisije nikaamsha kitu, nikapima: 12.4. Kamera ilishakata yenyewe usiku wa jana, nimeona kwenye rekodi zake. Nimewasha, stata ikazunguka mara moja tu.

Spotlaiti bado ziko kwenye boksi lake. Rilei nimeshaiweka alama kwa rangi ya kucha kwenye mguu wa 87, na waya wake nimepanga kuupitisha upande wa pili wa injini, mbali na lile tundu. Ila siyo leo, leo naendesha tu.

Mdogo wangu anaulizia taa za LED za chini ya viti. Nimemwambia aanze na kunitafutia msasa mpya, huu umeisha.